UZI: Mwasho, pua na kipandauso vinavyofuata kalenda ya hedhi. Homoni na histamini zinahusikaje?

#1 Nesi Mdadisi (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za muda huu.

Siku hizi mjadala wowote wa afya ya wanawake haufiki mbali kabla hajatokea mtu wa kusema "hiyo ni histamini tu, acha jibini na nyanya utapona." Mwingine anamjibu kwamba huo ni uzushi wa mitandaoni, histamini ni mambo ya mafua na vipele, hedhi inaingiaje hapo? Nimefanya kazi kliniki ya mzio muda wa kutosha kuona pande zote mbili zinavyopotosha. Uhusiano upo, na maabara umeonekana. Ila ni mwembamba kuliko unavyouzwa, na ukiutwisha kila dalili unaweza kuacha ugonjwa mwingine ukikutafuna kimyakimya.

Tuanze na histamini yenyewe. Wengi wanaifikiria kama sumu inayoingia na chakula, wakati mwili wenyewe unaitengeneza kila siku kutokana na histidini, mojawapo ya asidi amino zilizomo kwenye protini. Akiba kubwa imo ndani ya seli za masti, seli za kinga ambazo Paul Ehrlich alizipa jina mwaka 1878 kwenye tasnifu yake ya udaktari. Ziko nyingi pale mwili unapopakana na nje: ngozi, pua, njia za hewa, utumbo. Ziko pia kwenye mji wa mimba, jambo ambalo watu husahau. Zikichokozwa zinamwaga histamini pamoja na kemikali nyingine kadhaa ndani ya dakika chache. Henry Dale na Patrick Laidlaw walieleza kazi yake mwaka 1910: mishipa midogo ya damu inatanuka, shinikizo la damu linashuka, misuli ya njia za hewa na ya mji wa mimba inabana.

Kemikali hiyo moja inaleta dalili nyingi zisizofanana kwa sababu ina vipokezi vya aina nne. H1 ndicho cha mwasho, kamasi na kifua kubana. H2 kinaongeza asidi tumboni. H3 kiko zaidi kwenye ubongo, na H4 kwenye seli za kinga. Ndani ya ubongo histamini inakuweka macho, na hiyo ndiyo sababu Piriton, ile dawa ya zamani ya mzio, inakulaza: inaingia kwenye ubongo na kuziba H1 za huko.

Sasa homoni. Seli za masti zina vipokezi vya estrojeni na vya projesteroni. Kwenye majaribio ya maabara, estradioli, aina kuu ya estrojeni, ikizigusa, kalsiamu inaingia ndani ya seli na zinakuwa nyepesi zaidi kumwaga, hasa kama tayari zimebeba kingamwili za mzio. Projesteroni inaelekea kuzituliza. Na njia inarudi upande wa pili pia: seli za kifuko cha yai kutoka kwenye ovari, zikipewa histamini, zimeonekana kutoa estradioli zaidi. Hapo ndipo lilipozaliwa lile somo la mitandaoni la "mduara", kwamba estrojeni inaongeza histamini, histamini inaongeza estrojeni, na wewe unazama katikati.

Naomba tusimame hapo kidogo. Seli kwenye sahani ya maabara hazina ini, hazina figo, hazina utumbo. Mwili mzima una breki. Kuna kimeng'enya kinachoitwa DAO, kinachovunja histamini hasa kwenye utumbo, na kingine kinachoitwa HNMT kinachoivunja ndani ya seli. Histamini ikiingia kwenye damu hukaa dakika chache tu. Mduara ungekuwa hauna breki, kila mwanamke angekuwa na mabaka mwili mzima siku ya yai kuachiliwa.

Kinachoonekana kwa wanawake wenyewe ni kidogo zaidi, lakini kipo. Kalenda inakwenda hivi: siku ya kwanza ya damu homoni zote mbili ziko chini. Estrojeni inapanda hadi kilele muda mfupi kabla ya yai kuachiliwa, inashuka, halafu inapanda tena kiasi pamoja na projesteroni. Siku chache kabla ya damu zote mbili zinaporomoka. Kwa hiyo madirisha ya kuangalia ni mawili, katikati ya mzunguko na siku za mwisho kabla ya hedhi hadi damu inapoanza.

Kwenye vipimo vya kuchoma ngozi, uvimbe unaosababishwa na kiasi kilekile cha histamini umeonekana kuwa mkubwa zaidi katikati ya mzunguko. Kati ya wanawake wenye pumu, asilimia 20 hadi 40 husema inazidi karibu na hedhi. Utotoni wavulana ndio wengi kwenye pumu, lakini baada ya balehe mambo yanageuka na wanawake wanaongoza. Yale mabaka sugu yanayovimba na kuwasha huwapata wanawake takribani mara mbili ya wanaume, na kipandauso karibu mara tatu.

Lakini tazameni kipandauso vizuri. Kile cha hedhi huchochewa zaidi na estrojeni *kushuka*. Anayekwambia kila tatizo lako linatokana na estrojeni *kuzidi* hajaangalia kalenda.

Kabla hujakata chakula chochote, na kabla hujanunua kipimo wala kopo la vidonge, chukua daftari. Andika siku ya mzunguko, dalili, ukali wake, dawa uliyomeza, usingizi. Mizunguko miwili, ikiwezekana mitatu. Dalili isiyojali kalenda ina chanzo kingine, na dalili inayoijali bado si lazima iwe histamini. Nitaeleza kwa nini, karibuni maswali.

#2 Kipusa wa Jioni

Dada Nesi, ni kama unanielezea mimi. Katikati ya mwezi pua inaziba, macho yanawasha, nikikunwa kidogo tu ngozi inanyanyuka mistari. Baada ya hapo kimya mpaka karibu na siku zangu. Nilipima homoni mara moja nikaambiwa estrojeni imepanda, na yule aliyenisomea majibu akasema nina "utawala wa estrojeni". Nikauziwa dawa za kusafisha ini. Hilo nalo ni kweli?

#3 Nesi Mdadisi

Kipusa, ulipima siku ya ngapi ya mzunguko? Estradioli mwanzoni mwa mzunguko inaweza kuwa pikogramu 30 hadi 50 kwa mililita, na kabla yai halijaachiliwa ikafika 200 hadi 400 bila ugonjwa wowote. Namba moja isiyo na siku yake haisemi kitu. "Utawala wa estrojeni" haumo kwenye orodha ya magonjwa ambayo daktari wa homoni anayapima na kuyatibu, na hakuna kiwango kilichokubaliwa cha kusema huyu anao na yule hana. Ini lako linavunja estrojeni lenyewe, halihitaji kusafishwa.

Ile mistari ya ngozi ina maelezo yake. Ngozi inayonyanyuka mistari ikikwaruzwa ni aina mojawapo ya mabaka yanayoamshwa na mguso, na seli za masti zinahusika moja kwa moja. Inapimika kliniki kwa dakika chache kwa kukwaruza tu mkono au mgongo. Hiyo ndiyo njia ya kuingilia kwa daktari wako, kuliko karatasi ya homoni.

#4 Lishe Hai

Mada nzuri ila mwanzisha uzi anawakatisha tamaa watu. Wanawake wengi wana upungufu wa DAO bila kujua. Ukipima damu DAO ikawa chini ya kiwango, tatizo umelijua. Kunywa vidonge vya DAO kabla ya kula, acha vyakula vyote vilivyochachushwa, mvinyo, jibini kavu, nyama za kukaushwa, samaki wa kopo, mchicha, nyanya, biringanya, machungwa, chokoleti, maparachichi. Nimewaona wakipona maumivu ya hedhi, vipandauso, hata uvimbe wa mji wa mimba. Anayetaka mwongozo aje inbox.

#5 Nesi Mdadisi

Lishe Hai, karibu, lakini kwenye uvimbe wa mji wa mimba umevuka mpaka. Mtu anayevuja damu nyingi kila mwezi akisoma hapo ataacha kwenda kupimwa.

Turudi kwenye DAO. Kiwango cha kimeng'enya hicho kwenye damu hakituambii vizuri kinafanyaje kazi utumboni, na kwa mtu yuleyule kinabadilika. Wataalamu wa mzio wa Ujerumani waliandika mwongozo mwaka 2017 kuhusu watu wanaodhurika na histamini ya chakula, na hawakukubali kipimo hicho kama uthibitisho. Njia waliyoipendekeza ni ya kizamani: punguza kwa muda mfupi, angalia, halafu rudisha kimoja kimoja. Hatua ya kurudisha ndiyo watu wanayoiruka, wanabaki miaka na orodha ndefu ya vitu wasivyokula, mwili unakonda, na hedhi inaweza hata kukatika kwa sababu ya njaa. Wiki mbili hadi nne zinatosha kujua kama kuna kitu.

Kuna jaribio dogo la mwaka 2004 ninalolipenda kwa sababu lilifanywa kwa wanawake wenye afya njema kabisa, 10 tu. Walinyweshwa miligramu 75 za histamini ya maji, na nusu yao wakapata dalili. Kwa hiyo ukila mlo wenye histamini nyingi ukaumwa kichwa, inawezekana kiasi ndicho kilikuwa kikubwa na mwili wako hauna kasoro. Kwa upande mwingine, watu waliojitambua kuwa hawaivumilii histamini, wakipewa kwa kificho bila kujua ni ipi ya kweli na ipi ya bandia, mara nyingi dalili hazijirudii kwa mpangilio.

Kingine, na hapa naomba kila mtu asome taratibu. Vidonge vya DAO vinafanya kazi ndani ya utumbo, juu ya histamini iliyokuja na chakula. Kama tatizo lako ni estrojeni kuzigusa seli za masti za pua na ngozi, histamini hiyo umeitengeneza mwenyewe na iko kwenye pua na ngozi. Kidonge cha utumboni hakiifikii. Hoja mbili hizo hubebwa pamoja kana kwamba ni moja, na hapo ndipo biashara inapokaa.

Histamini ya chakula inayoumiza watu kweli, tena wanaume kwa wanawake, ni ya samaki aliyekaa kwenye joto kabla ya kupikwa. Jodari na vibua hasa, kwa kuwa nyama yao ina histidini nyingi na bakteria wanaigeuza. Kupika hakuiondoi. Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, imeweka ukomo wa miligramu 200 kwa kilo. Uso unakuwa mwekundu, moyo unakwenda mbio, mabaka, kuhara, mara nyingi ndani ya saa moja. Hilo haliulizi uko siku ya ngapi.

#6 Lishe Hai

Sijasema mtu asiende hospitali. Nimesema nilichokiona kwa wateja wangu.

#7 Chura Mkavu

Wateja wako si ndio wanaokulipa mkuu. Endelea Nesi.

#8 Mfamasia wa Zamu

Salaam wadau. Niongeze upande wa dawa maana maswali haya nakutana nayo dirishani kila siku.

Kwanza maumivu ya tumbo la hedhi. Mhusika mkuu pale ni prostaglandini, zinazoufanya mji wa mimba ujikaze. Ndiyo maana ibuprofeni na ndugu zake zinasaidia kuliko dawa yoyote ya mzio, hasa zikianzwa mapema damu inapoanza au saa chache kabla. Ila mwenye mabaka sugu au pumu awe macho, kwa baadhi yao dawa za kundi hilo zinaamsha mabaka au kubana kifua. Huyo aongee na daktari kabla ya kumeza.

Pili, dawa za mzio. Kwa dalili za mchana chagua setirizini, loratadini au feksofenadini. Piriton inalewesha, na kesho yake kichwa bado kizito. Kwa mabaka sugu madaktari wanaweza kupandisha hizo mpya hadi mara 4 ya dozi ya kawaida, lakini huo ni uamuzi wa daktari, msijipandishie.

Tatu, kuna mtindo umesambaa wa kumeza famotidini, ile ya vidonda vya tumbo, pamoja na dawa ya mzio ili kutuliza hasira na huzuni za kabla ya hedhi. Famotidini inaziba H2. Nimesikia wanaosema imewasaidia, na sibishani na mtu juu ya mwili wake. Ushahidi wa kutosha wa kuipendekeza kwa kazi hiyo haupo. Afadhali mtu aulize dawa zenye ushahidi.

Nne, na hii ndiyo iliyonifanya niandike. Kuna wanawake wanaona cheche, mistari ya kumetameta au wanapoteza sehemu ya kuona kabla kichwa hakijaanza. Wanaambiwa ni histamini. Hicho ni kipandauso chenye dalili tangulizi, na mwenye nacho hatakiwi kutumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa umri wowote, kwa sababu ya hatari ya kiharusi. Shirika la Afya Duniani limeviweka kundi la 4 kwa watu hao, yaani visitumike. Njia za projesteroni peke yake au kitanzi zipo. Ukiona cheche, mwambie anayekuandikia vidonge hata kama hajauliza.

Halafu kuna dawa zinazoichokoza histamini zenyewe. Kodeini na mofini zinazifanya seli za masti zimwage. Asidi klavulaniki na metoklopramidi zinapunguza kazi ya DAO. Pombe inafanya vyote viwili kidogo kidogo. Andikeni dawa kwenye lile daftari la Nesi.

#9 Maua Kijani

Jamani mimi vipele vyangu vinakuja kama wiki moja kabla ya damu, vinaondoka siku ya pili au ya tatu ya hedhi. Kila mwezi. Si katikati kama Kipusa. Ndugu zangu wanasema ni joto.

#10 Nesi Mdadisi

Maua, mpangilio huo una ugonjwa wake unaojulikana, ingawa ni nadra: mwili kuwa na mzio dhidi ya projesteroni. Kisa cha kwanza kilielezwa mwaka 1921. Upele huanza siku 3 hadi 10 kabla ya damu, wakati projesteroni iko juu, na hutulia baada ya hedhi kuanza. Unaweza kuwa mabaka, ukurutu au uvimbe wa midomo. Kwa wengine ulianza baada ya kutumia sindano au vidonge vya uzazi wa mpango, au matibabu ya kutafuta mimba. Ona jinsi ambavyo homoni niliyoiita mtulizaji kule juu ndiyo hapa inayogeuka adui. Matibabu yapo: dawa za mzio, kuzuia yai lisiachiliwe, hata kuuzoesha mwili projesteroni kidogo kidogo kliniki. Piga picha za upele na tarehe zake, uende nazo kwa daktari wa ngozi au wa mzio. Ukifika kliniki siku ambayo ngozi ni safi bila picha, utaambiwa huna kitu.

Na hili ni kwa kila mtu. Mabaka yakija pamoja na kupumua kwa shida, koo kubana, kizunguzungu au kutapika, hiyo ni dharura. Dawa yake ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja. Setirizini haiwezi kuchukua nafasi yake. Ikiwezekana damu ichukuliwe kupima triptesi, kimeng'enya kinachomwagwa na seli za masti, kati ya saa 1 na 4 baada ya tukio, halafu ipimwe tena siku nyingine ukiwa mzima, ndipo ulinganisho upatikane. Wachache sana kati ya wanaojiita "wagonjwa wa seli za masti" mitandaoni wamewahi kupimwa hivyo.

#11 Mkunga Bi Mkubwa

Wanangu, mmezungumza vizuri, ila wajawazito mmewaacha.

Mimba inaigeuza hadithi yenu yote. Estrojeni inapanda juu kuliko wakati wowote wa maisha, na kwa hesabu ya mduara mama mjamzito angekuwa anawashwa mchana na usiku. Lakini kondo la nyuma linatengeneza DAO kwa wingi mno, mara 500 hadi 1000 ya kawaida. Wako wanawake ambao vipandauso na mizio yao hutulia kabisa kipindi hicho na kurudi baada ya kujifungua. Wako pia ambao pumu inazidi, kwa hiyo msiache dawa za pumu kwa kusikia maneno haya.

Ninachotaka kusema zaidi ni huu mwasho wa miezi ya mwisho. Mama anawashwa viganja na nyayo, usiku ndiyo unazidi, na ukimtazama huoni upele ila alama za kujikuna. Mkojo unaweza kuwa mweusi, macho ya njano. Hapo msimpe dawa ya mzio mkamwambia alale. Nyongo haitoki vizuri kwenye ini, na asidi za nyongo zimejaa kwenye damu. Zikifika mikromoli 100 kwa lita, hatari ya mtoto kufia tumboni inapanda wazi. Apimwe damu siku hiyohiyo, na madaktari waamue mapema lini azalishwe. Nimeona mama akipakwa losheni wiki mbili kwa jambo hilo, na nilikasirika siku ile mpaka leo.

Dawa za mzio kwa mjamzito zipo zilizotumika miaka mingi, loratadini na setirizini zikiwemo, ila uandikiwe na anayejua mimba yako. Anayenyonyesha aepuke zile za kulewesha, mtoto naye anasinzia.

#12 Kipusa wa Jioni

Shikamoo Bi Mkunga, asante. Hilo la viganja sijawahi kulisikia.

#13 Mkunga Bi Mkubwa

Marahaba mwanangu. Waambie na wenzako.

#14 Baba Watatu

Naomba kuuliza kama mume. Mke wangu wiki moja kabla ya siku zake anakuwa mtu mwingine. Si hasira za kawaida, analia, anasema hana thamani, kuna mwezi alisema bora asingekuwepo. Damu ikianza anarudi mwenyewe. Amesoma kwamba ni histamini, sasa anakula vitu vitatu tu. Nifanyeje?

#15 Nesi Mdadisi

Baba Watatu, pole, na umefanya vizuri kuuliza. Mpangilio huo, huzuni kali inayokuja baada ya yai kuachiliwa na kukatika hedhi inapoanza, unatambuliwa kitabibu. Unakadiriwa kuwapata wanawake 3 hadi 8 kati ya 100 walio kwenye umri wa hedhi. Homoni zao mara nyingi zikipimwa ni za kawaida. Ubongo wao ndio unaoitikia tofauti mabadiliko ya kawaida, hasa ya alopregnanoloni, inayotokana na projesteroni. Dawa za kundi la kuongeza serotonini zinawasaidia wengi, na kwa tatizo hili zinafanya kazi haraka kuliko kwenye sonona ya kawaida, kiasi kwamba baadhi huzimeza nusu ya pili ya mzunguko tu.

Maneno ya "bora nisingekuwepo" hayasubiri daftari. Mpeleke wiki hii, usimwache peke yake siku hizo mbaya, na dawa zilizozagaa nyumbani zifungie. Muulize wazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Na chakula arudishiwe, njaa juu ya huzuni haina faida.

#16 Hamsini Kasoro

Sisi wa kukaribia ukomo wa hedhi mmetusahau? Nina joto la ghafla, moyo unadunda usiku, ngozi inatambaa kama ina sisimizi. Kwenye kundi letu wote wanameza dawa za mzio.

#17 Mfamasia wa Zamu

Mama, hatujakusahau. Joto la ghafla halitoki kwenye seli za masti. Estrojeni ikipungua, neva fulani za haipothalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo, zinazotumia kemikali iitwayo nyurokinini B zinachangamka kupita kiasi na kuvuruga kidhibiti joto cha mwili. Marekani ilipitisha mwezi Mei 2023 dawa iitwayo fezolinetanti inayoziba njia hiyohiyo. Tiba ya homoni bado ndiyo yenye nguvu zaidi kwa wanaofaa kuitumia.

Ngozi kutambaa na kuwasha, mara nyingi ni ukavu. Estrojeni ikishuka ngozi inapoteza unyevu na kolajeni. Mafuta mazito baada ya kuoga, sabuni isiyo kali, anza hapo. Piriton ya kila usiku ndiyo ninayoipinga hasa kwa umri huo: inakausha mdomo na uke, inafunga choo, inatia ukungu kwenye kumbukumbu, na unaamka usiku ukiyumba. Moyo kudunda upimwe, pamoja na tezi ya thairoidi na wingi wa damu. Upungufu wa chuma na thairoidi vinaweza kuleta mwasho, uchovu na mapigo ya moyo, na wenyewe hupimwa kwa damu kidogo tu.

#18 Chura Mkavu

Na dada yangu mwenye endometriosisi, ule ugonjwa wa tishu kama za ndani ya mji wa mimba kuota nje yake? Naye ameambiwa seli za masti.

#19 Nesi Mdadisi

Hapo kuna ukweli fulani. Shirika la Afya Duniani linakadiria endometriosisi inawapata karibu asilimia 10 ya wanawake walio kwenye umri wa kuzaa. Kwenye vidonda vyake seli za masti zimeonekana kwa wingi, nyingi zikiwa jirani na neva, na watafiti wanadhani zinachangia yale maumivu. Ila kutoka kuona seli kwenye darubini hadi kusema "meza setirizini" ni mbali. Tiba yake bado ni ya homoni, dawa za maumivu na upasuaji kwa wanaouhitaji. Kama pia ana mzio wa pua, atibiwe huo kwa sababu ni mzio.

#20 Kipusa wa Jioni

Swali la mwisho Nesi. Nimepata miadi ya kipimo cha kuchoma ngozi. Niendelee na setirizini? Na je, niende siku ile pua imeziba?

#21 Nesi Mdadisi

Setirizini inaficha majibu, kwa kawaida tunaomba uiache siku 5 hadi 7 kabla. Kama mabaka yakiwa makali huwezi kuvumilia, piga simu kliniki usilazimishe, wanaweza kutumia kipimo cha damu cha kingamwili, hicho hakiathiriwi na dawa. Ukiwa na pumu iliyochafuka siku hiyo, kipimo kinaahirishwa. Siku ya mzunguko haitageuza asiye na mzio kuwa nao, lakini iandike juu ya fomu hata wasipoiuliza, na nenda na daftari.